Sijapima

Miaka thelathini na moja nilipanda nguzo za stima,
Tudor, Kongowea, Likoni mpaka Mtongwe,
na kwa kila mtoto aliyesimama chini akinikodolea macho
neno langu lilikuwa moja: waya usiuguse.
Leo, kila alfajiri, nikishatoa salamu ya sala,
namfungia mke wangu waya sikioni.

Ugonjwa waitwa baridi yabisi.
Aliyeupa jina hakuwahi kumshika Mwanakheri kifundo cha mkono
saa kumi na moja asubuhi.
Moto, bwana. Moto wa pasi iliyosahaulika juu ya shati.
Vidole vilivyotoboa kofia za vito, tundu kwa tundu,
vikazungushia kila tundu uzi mweupe bila miwani,
vikawa tangawizi.

Miaka mitatu tumeamkiana kwa kigasha.
Kiganja hakukitoa, si kwangu, si kwa mkwe,
na Kibokoni wakasema ameanza kujiona.

Vidonge vilimpa nafuu, vikamla tumbo.
Sindano iliyobaki, bei yake kodi ya nyumba miezi minne.

Dakta Kadzo akatuchorea nyuma ya kadi ya kliniki
neva moja ndefu, yatoka shinani mwa ubongo,
yashuka shingoni, yapita moyoni, mapafuni, matumboni,
yatangatanga kama mwalishi wa harusi.
Yenyewe ndiyo huwaambia askari wa mwili:
basi, rudini kambini.
Kwa Mwanakheri ujumbe haufiki,
au wafika na askari wamejitia uziwi,
wanaibomoa nyumba waliyoajiriwa kuilinda.
"Kikulacho," akaanza Dakta.
"Nguo nimevua zote," akamkata mke wangu.
"Hiki ki ndani ya ngozi."

Tawi la neva hiyo lajitokeza sikioni,
kwenye kibonde kidogo juu ya tundu.
Tutapitisha stima hapo, akasema, ndogo mno,
hata tochi haiwashi.
Nilicheka peke yangu.
Nimezika wenzangu wawili waliokwenda na stima.
Stima ndogo siijui.

Kisha likaja sharti.
Hili ni jaribio. Nusu ya vifaa ni vizima, nusu ni bubu,
vyote vyawaka taa ya kijani,
na mimi mwenyewe sijui chenu ni kipi.
Msikifungue. Msikipime.
Hilo la mwisho aliniangalia mimi,
maana tesita ilikuwa yachungulia mfukoni mwa shati.

Wiki ya kwanza, hola.
Ya nne, alilia bafuni, bomba limemshinda kufungua.
Ya sita, stima ikakatika mtaa mzima,
na katika giza lile taa ya kijani ikabaki peke yake
kando ya shavu lake, amelala.
Nikatoa tesita.
Dakika moja tu, ningejua.
Nikajiuliza: na kikiwa bubu?
Nitamwamsha nimwambie?
Uso wangu haujui kuficha hata bei ya samaki.
Nikairudisha ndani ya kopo la misumari,
nikaketi, nikisikiliza jenereta za majirani.

Ijumaa ya wiki ya tisa
nilisimama mlangoni, kanzu shingo wazi,
namwita mjukuu, Shee, aje anifunge vifungo.
Akaja yeye.

Kifungo cha kwanza. Akahema.
Cha pili.
Cha tatu kilimkataa. Akakiacha,
mkono ukabaki kifuani pangu,
kiganja, si kigasha.

"Umekipima?"
"Sijapima."
"Wallahi?"
"Wallahi."
Akanitazama, kama atazamavyo uzi kabla ya kuutia sindanoni.
"Basi usipime."

Nikafika msikitini khutba ya pili imeshaanza,
kifungo cha tatu wazi.